Kisu na Mpini Wake: Uhunzi wa Samia na Ukusanyaji wa Visu vya Kale Mpakani

Tunapofundisha methali isemayo "Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama", aghalabu huharakisha kuifikia maana yake ya ndani, kisu chenyewe tukakipita bila kukitupia jicho. Mwanafunzi hutoka darasani akijua kwamba mwenye uwezo ndiye afaidiye, lakini hajui kisu hicho kilifuliwa na nani, kwa chuma cha wapi, wala mpini wake ulitiwa kwa njia gani. Katika makala haya tunakusudia kukirudia kisu. Tutachukua mfano wa nchi ya Wasamia, ambayo leo imegawanyika kati ya Kenya na Uganda, kuanzia vilima vya Samia huko Funyula, kupitia gombolola ya Masinya katika Wilaya ya Busia ya Uganda, hata kufikia jirani zake wa Tororo. Kwanza tutaeleza jinsi chuma na visu vilivyotengenezwa huko. Pili tutaeleza jinsi vifaa vya kigeni, na hasa kisu cha kukunja chenye mpini wa mti, vilivyochukua nafasi ya kazi ya mhunzi. Tatu tutazungumzia ukusanyaji wa visu hivyo na namna ya kuvikarabati, jambo ambalo lisipofanywa kwa makini huweza kuiharibu historia ileile tunayotaka kuihifadhi.

Nchi ya chuma

Vilima vya Samia vina mawe mekundu yenye chuma kingi. Vimesimama karibu na Ziwa Viktoria, na mto Sio unapita kandokando ya nchi hiyo ukielekea ziwani. Wasamia ni miongoni mwa jamii za Waluhya, na jirani zao ni Wagwe, Wanyole, Wajopadhola, Waiteso, Wasoga na Waluo. Kwa hiyo kifaa kilichotoka mikononi mwa mhunzi wa Samia hakikuhitaji kwenda mbali ili kuingia katika lugha nyingine. Jembe lililoitwa embako na Waluhya liliitwa kwer na Waluo na enkumbi na Waganda. Kisu ni pala kwa Mluo na akambe kwa Mganda. Jina lilibadilika njiani; chuma kilikuwa kilekile.

Ufundi wa chuma katika eneo hili la ziwa ni wa kale mno. Huko Urewe, katika nchi ya Siaya isiyo mbali na Samia, vilipatikana vyungu vya namna ya pekee ambavyo Mary Leakey, W. E. Owen na L. S. B. Leakey walivieleza katika andiko lao la mwaka 1948. Tangu hapo jina la Urewe limetumiwa na wachimbuzi wa mambo ya kale kutajia wakulima wa mwanzo waliofua chuma kandokando ya Ziwa Viktoria, takriban miaka elfu mbili iliyopita na zaidi. Hatusemi kwamba wahunzi wa Samia wa karne ya 19 walikuwa wajukuu wa moja kwa moja wa wafinyanzi wale. Tunalosema ni kwamba chuma hakikuletwa katika nchi hii na meli wala na reli.

Kazi ya kuyeyusha iligawanyika katika hatua nyingi, na kila hatua ilihitaji watu wake. Mawe yalichimbwa na kuokotwa vilimani, yakapondwapondwa. Miti iliyochaguliwa ilikatwa na kuchomwa makaa. Tanuri lilikuwa shimo lililokandikwa udongo, na upepo uliingizwa humo kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo uliochomwa. Wavukutaji walipokezana muda mrefu bila kuuacha moto upoe. Yafaa wanafunzi waelewe jambo moja ambalo vitabu vyetu hulipita: katika tanuri la namna hii chuma hakikuyeyuka kikawa uji. Chuma safi huyeyuka kwa joto la takriban digrii 1,538 za Selsiasi, na tanuri la makaa lenye mivukuto ya mkono halikulifikia joto hilo. Kilichoyeyuka ni takataka za mawe, ambazo Kiswahili huziita mavi ya chuma. Zilipotiririka na kujitenga, ndani ya tanuri likabaki donge la chuma lenye matundu kama sifongo. Donge hilo ndilo lililopelekwa kwenye fuawe, likapigwa nyundo, likarudishwa motoni, likapigwa tena, hata uchafu uliobaki ukatoka na chuma kikashikamana.

Kutoka hapo mhunzi alifua majembe, mikuki, vichwa vya mishale, mashoka, mapambo na visu. Jembe lilitangulia vyote kwa thamani. Majembe ya Samia yalibadilishwa kwa mifugo na nafaka. Yalifika kwa Waluo wa Alego na Yimbo, na kwa mitumbwi yakavuka maji kuingia Busoga. Jembe lilikuwa chombo cha kazi na pia akiba ya mali. Lingeweza kuhesabiwa katika mahari, kuwekwa ndani kama mtu awekavyo fedha, kisha kupelekwa shambani siku lilipohitajika. Kisu hakikufikia cheo hicho, lakini kilikuwa karibu zaidi na mwili wa mwenyewe. Jembe liliweza kuazimwa na jirani msimu mzima. Kisu cha mtu kilikaa kiunoni mwake.

Wahunzi wenyewe waliheshimiwa, na katika jamii nyingi za eneo hili waliogopwa pia kidogo. Mtu awezaye kutoa kisu katika jiwe hakuchukuliwa kuwa fundi wa kawaida. Uyeyushaji ulizungukwa na miiko, na ufundi ulipokezwa katika ukoo, kutoka kwa baba au mjomba hadi kwa kijana. Kiswahili nacho kinalijua jambo hilo, maana husema: "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta." Kusana ni kufua chuma. Methali yatufundisha kwamba mtoto wa mhunzi hakai bure: asiposhika nyundo, hushika mivukuto. Ikiwa mwanafunzi wetu hajui kusana ni nini, wala hajauona mvukuto, methali hiyo kwake ni sauti tupu.

Msuka, bapa na mpini

Kisu cha mhunzi wa kale kilikuwa na sehemu ambazo kila moja ina jina lake katika Kiswahili sanifu. Makali ni upande ukatao. Bapa ni ubavu ulio tambarare. Ncha ni mwisho uliochongoka. Msuka ni ule mkia wa chuma uingiao ndani ya mpini. Mpini ni mahali pa kushikia, na ala ni nyumba ya kisu. Twataja maneno haya kwa sababu wanafunzi wengi, na hata baadhi yetu tulio walimu, hujua mawili au matatu tu, mengine tukayaita yote "ile sehemu ya kisu".

Chuma kilichotokana na donge la tanuri kilikuwa laini kuliko chuma cha pua cha leo. Makali yake yalipatikana kwa kufuliwa mara nyingi, na yalihitaji kunolewa mara kwa mara kwenye kinoo au jiwe la mtoni. Ndiyo maana visu vingi vya zamani vimekuwa vyembamba. Kila mara kilipopelekwa kwenye jiwe, kisu kiliacha hapo sehemu ya mwili wake. Kisu kilichotumika miaka thelathini huwa kimeliwa na kinoo hata umbo lake likabadilika. Mwenye kukisoma vizuri aweza kutambua mtumiaji alivuta upande gani, na kama alikitumia zaidi kwa kuchuna ngozi, kwa kumenya au kwa kuchonga.

Mpini ulitiwa kwa njia iliyotumika kila mahali katika Afrika Mashariki. Msuka ulichomwa hata ukawa mwekundu, ukasukumwa katika tundu dogo la kipande cha mti. Moto ukajichongea njia yake, na mti ulipopoa ukaushika msuka barabara. Mahali mpini unapokutana na chuma paliweza kuvalishwa ngozi mbichi ambayo ikikauka hubana kuliko kamba, ama kuzungushiwa waya ili mti usipasuke. Kisha mpini ulilainishwa. Hapa Kiswahili kina ushahidi mzuri. Msasa ni jina la mti wenye majani makavu yakwaruzayo, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus exasperata na Waganda luwawu. Majani yake yalitumika kusugulia miti iliyochongwa. Karatasi ya kusugulia ilipoletwa madukani ilirithi jina la mti: karatasi ya msasa, na baadaye msasa tu. Mwanafunzi anayekwenda dukani kununua msasa hutaja jani la mwituni bila kujua.

Mpini ulikuwa sehemu ya kufa mapema. Mti huoza, hupasuka, huliwa na mchwa. Chuma huendelea kuishi. Kisu kimoja kiliweza kubadilishwa mipini mitatu au minne katika maisha yake, pengine na mikono ya watu wa vizazi mbalimbali. Yafaa kulikumbuka hilo tutakapofika kwenye suala la ukarabati.

Mpaka, pamba na jembe la dukani

Mambo mengi yalibadilika katika muda mfupi mwanzoni mwa karne ya 20. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwezi Desemba mwaka 1901. Tarehe 1 Aprili mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishwa na kutiwa katika eneo la Himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza, yaani nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Mpaka kati ya Kenya na Uganda ulielezwa tena kwa amri ya serikali ya Uingereza ya mwaka 1926. Wasamia wakajikuta wako pande mbili: ndugu mmoja akilipa kodi kwa serikali ya Nairobi, mwingine kwa ile ya Entebbe. Vilima vikuu vya chuma vikabaki upande wa Kenya, na wanunuzi wengi wa majembe wakabaki upande wa Uganda.

Hata hivyo, si mpaka peke yake ulioizima tanuri. Kilimo cha pamba kilianzishwa Uganda miaka ya 1903 na 1904, kikaenea katika majimbo ya mashariki. Pamba ilihitaji majembe mengi kwa wakati mmoja, nayo kodi ilihitaji fedha taslimu. Reli ilileta majembe yaliyotengenezwa viwandani Ulaya, mepesi, yaliyofanana yote, kwa bei ambayo mhunzi aliyechimba, akachoma makaa, akavukuta na kufua hakuweza kuifikia. Vijana ambao wangevukuta walikwenda kutafuta mishahara. Ikawa mwana wa mhunzi hasani wala havukuti.

Lakini tusiseme kwamba uhunzi ulikufa siku hiyo. Kilichokufa kwanza ni uyeyushaji, ufuaji uliendelea. Mhunzi aliacha kuyachimba mawe, akaanza kuokota chuma chakavu: vipande vya majembe yaliyovunjika, misumari mikubwa, na baadaye springi za malori. Chuma cha springi ni kigumu kuliko kile cha tanuri, kikatoa visu na mapanga yanayoshika makali vizuri. Ufundi huo unaishi mpaka leo kwa mafundi wa jua kali wa Kenya na kwa wenzao wa Katwe mjini Kampala. Baada ya mwaka 1972, serikali ya Idi Amin ilipowafukuza Waasia, bidhaa za viwandani ziliadimika katika maduka ya Uganda, na magendo yakashamiri kupitia Busia na Malaba. Nyakati kama hizo ndipo watu humkumbuka mhunzi wa kijijini.

Kisu cha kukunja

Katika bidhaa zilizokuja na biashara hiyo mpya kulikuwamo kisu cha namna nyingine: kisu cha kukunja, kiingiacho mfukoni. Kisu hiki hakina msuka. Bapa lake limefungwa kwa pini, likazunguka na kulala ndani ya mpini. Mpini wenyewe aghalabu ni wa mti, na springi ya mgongoni hulizuia bapa lisijifunge lenyewe. Kisu cha kiunoni huhitaji ala. Cha kukunja kina ala yake katika mpini. Ni chombo kilichomfaa mtu aliyevaa nguo yenye mfuko: mchungaji, karani, dereva, mwanafunzi.

Kuagiza visu kutoka ng'ambo si jambo geni katika nchi zetu. Kitabu cha mwongozo wa wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, chataja kwamba mikuki, vishoka, majambia na sindano kubwa za kutobolea viliuzwa huko Rhapta, bandari ya pwani ya Afrika Mashariki. Kwa upande mwingine, al-Idrisi, aliyeikamilisha kazi yake ya jiografia mwaka 1154, anaeleza juu ya chuma cha Malindi kilichokuwa kikichimbwa na kuuzwa. Kwa hiyo pwani yetu ilinunua chuma na kuuza chuma. Jipya katika karne ya 20 lilikuwa wingi wa bidhaa na urahisi wake, uliomfanya mnunuzi asahau kabisa kwamba vilima vya jirani vina chuma.

Visu vingi vya kukunja vilivyosambaa Afrika vilitoka Solingen, mji wa Ujerumani ulioshughulika na visu na panga kwa karne nyingi. Miongoni mwavyo ni kisu kiitwacho Okapi, kilichoanza kutengenezwa huko mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Jina lake ni la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1901, kutokana na ngozi na mafuvu aliyoyapata Sir Harry Johnston, aliyekuwa Kamishna Maalumu wa Uganda kati ya 1899 na 1901. Mwaka huohuo wa 1902, ambapo Jimbo la Mashariki lilihamishwa, ndipo kisu hiki kilipoanza safari yake. Hayo ni mambo mawili yasiyohusiana kwa sababu, lakini yatusaidia kukumbuka kwamba nchi zetu ziligawanywa na kuuziwa bidhaa katika kizazi kimoja.

Okapi hutambulika upesi. Mpini wake wa mti umepambwa kwa alama za mwezi mchanga na nyota za madini ya rangi ya shaba, na mgongoni ana pete ya kuvutia ili bapa liachiliwe. Anapofunguliwa, meno yake hulia kwa mfululizo. Ni kisu cha bei nafuu, chenye chuma kiingiacho kutu lakini kinolekacho kwa urahisi. Kilifika mbali, hata Jamaika. Mwaka 1988 alama hiyo ya biashara na mitambo yake vilinunuliwa na kampuni ya Afrika Kusini, na tangu hapo hutengenezwa huko. Kwa hiyo maandishi yaliyo kwenye bapa humwambia mkusanyaji jambo la maana: kisu chenye jina la Solingen au la Ujerumani kilitengenezwa kabla ya mabadiliko hayo. Hali kadhalika alama za nchi kwenye bidhaa zina historia yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 iliwalazimisha wafanyabiashara kuonyesha asili ya bidhaa za kigeni zilizouzwa kwake, na nchi nyingine zikafuata mkondo huo. Mkusanyaji asiyesoma bapa kabla ya kulisugua huweza kuufuta mwaka wa kisu chake.

Kukusanya bila kupora, kukarabati bila kufuta

Sasa tufike kwenye suala lenyewe. Siku hizi wako watu wengi duniani wanaokusanya visu vya kale vyenye mipini ya mti. Wengine hupenda kuvirudishia sura ya upya: hung'oa kutu yote, husugua bapa hata ling'ae kama kioo, hukwangua mpini na kuupaka vanishi. Kwetu nako tabia hiyo imeingia, na walimu huulizwa na wanafunzi: je, chombo cha babu kisafishwe au kiachwe? Jibu letu ni kwamba yapasa kwanza kuuliza ni chombo gani.

Kisu cha kukunja kilichotoka kiwandani kilitengenezwa kwa maelfu, na ndugu zake wapo. Kikikarabatiwa ili kitumike, hasara ni ndogo, na pengine faida ni kubwa, maana mwanafunzi atajifunza kazi ya mkono. Kisu cha mhunzi wa Samia kimefuliwa peke yake. Hakina alama ya kiwanda wala tarehe. Ushahidi wote wa maisha yake umo katika makovu: alama za nyundo kwenye bapa, umbo lililoliwa na kinoo, weusi wa moto katika tundu la msuka, mafuta ya kiganja yaliyopenya mpini. Mtu akikisugua kwa msasa kwa nusu saa, ushahidi huo hugeuka vumbi, na hakuna fundi awezaye kuurudisha. Kisu kitapendeza machoni, lakini hakitatuambia tena lolote.

Wapo watakaosema kwamba wazee wenyewe waliisugua na kuibadilisha mipini yao, na kwamba kukizuia kisu kisikarabatiwe ni kukigeuza maiti. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Lakini mzee aliyebadilisha mpini alifanya hivyo ili akitumie kisu, na mpini wake mpya ukawa sehemu ya historia ya chombo. Anayekikwangua ili kipendeze kabatini, au kiuzwe kwa bei kubwa kwa mgeni, haendelezi matumizi hayo. Palipo na haja ya kazi, na atengeneze mpini mpya, lakini ule wa zamani autunze, aufungie kijikaratasi kieleze ulitoka kisu gani na uliondolewa lini.

Kwa visu vya mhunzi twapendekeza haya. Kabla ya kugusa lolote, chombo kipimwe, kichorwe au kipigwe picha, na iandikwe kilikotoka, kilifanyia kazi gani, na kila sehemu yake yaitwaje katika lugha ya wenyewe. Vumbi liondolewe kwa brashi kavu. Kisitiwe majini, kwa sababu mti hufura na msuka hushika kutu ndani, mahali tusipopaona. Kutu iko ya namna mbili: nyekundu ya ungaunga, ambayo bado yala chuma, na nyeusi iliyotulia, ambayo huwa kama ngozi ya kukilinda. Ile nyekundu ilainishwe kwa mafuta kidogo na kufutwa kwa kitambaa, nyeusi iachwe. Makali yasinolewe. Mpini uliokauka hupakwa mafuta membamba au nta ya nyuki, kisha hufutwa.

Kwa visu vya kukunja vya kiwandani, ambavyo vimekusudiwa kurudi kazini, twaweza kwenda mbele zaidi. Uchafu ulioganda penye pini hulainishwa kwa mafuta ya taa. Kutu husuguliwa kwa nyuzi laini za chuma zilizotiwa mafuta, kwa kufuata urefu wa bapa, huku mahali penye maandishi pakiepukwa. Kisu kinolewe kwenye kinoo na kisipelekwe kwenye mashine ya mzunguko, kwa kuwa joto la mashine hiyo huondoa ugumu uliotiwa katika chuma. Bapa likigeuka rangi ya buluu, makali yake hayatadumu tena. Mti wa mpini ukiwa umepasuka, waweza kubadilishwa kwa mpingo au mvule. Mpingo ni mgumu na mzito hata huzama majini, hivyo hukatwa polepole. Mvule ni rahisi zaidi, ila vumbi lake huwasha pua na ngozi, kwa hiyo fundi na ajifunge kitambaa. Mafuta ya kitani yanafaa sana kwa mpini, yakipakwa mara kadhaa kwa wembamba. Lakini vitambaa vilivyoloa mafuta hayo visirundikwe: huweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke.

Wajibu wa mwalimu

Kazi ya kukusanya ina misingi ambayo wengine wametutangulia kuiweka. Jumba la Makumbusho la Uganda lilianzishwa mwaka 1908, na mwaka 1953 Margaret Trowell na K. P. Wachsmann walichapisha Tribal Crafts of Uganda, kitabu chenye michoro ya vyombo vya nchi hiyo pamoja na maelezo ya matumizi yake. Kwa upande wa Kenya, Jean Brown alichunguza kazi ya wahunzi wa jamii mbalimbali, na kitabu chake Traditional Metalworking in Kenya kilitoka mwaka 1995. Historia ya Waluhya iliandikwa na John Osogo mwaka 1966 na Gideon Were mwaka 1967, kwa kuzitegemea sana simulizi za wazee. Kazi hizi zote ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa Kiswahili anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake habari za mvukuto na msuka hana budi kuzitafsiri kichwani mwake huku akifundisha. Hilo ndilo pengo letu.

Sheria nayo haina budi kujulikana. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kifaa kilichotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya mwaka 1895, na vitu vya namna hiyo havipelekwi nje kiholela. Uganda nayo ilitunga sheria ya kulinda kumbukumbu za kihistoria mwaka 1967. Tangu mwaka 2018 Busia ina kituo kimoja cha mpakani kinachowahudumia wasafiri wa pande zote mbili, na watu huvuka kwa wepesi kuliko zamani. Vyombo vya kale pia huvuka kwa wepesi huo. Kisu kikishafika sokoni bila jina la kijiji chake, kimebaki chuma tu.

Shuleni hatuhitaji kuanza na jumba. Kabati moja lenye kufuli latosha, na ufunguo ukae kwa mwalimu, kwa kuwa visu si vyombo vya kuachwa mikononi mwa watoto bila uangalizi. Wala si lazima chombo kihame kwao. Aghalabu ni bora mwanafunzi akichore kisu nyumbani kwa mwenyewe, aandike majina ya sehemu zake kwa Kisamia, Kijopadhola, Kiteso au Kiluo, kisha ayalete darasani tuyaweke sambamba na ya Kiswahili. Kwa njia hiyo mwenye kisu hupungukiwa na nini? Hapungukiwi na kitu, nasi tunapata msamiati.

Na msamiati huo una kazi. Twafua chuma, twafua dhahabu, twafua nguo, twafua nazi. Mtoto akiona nyundo ikishuka juu ya fuawe atatambua kwamba kitenzi hiki kimebeba pigo ndani yake. Twasema watu wamepigana vijembe, na kijembe ni kisu kidogo cha kuchanjia. Twasema huyu ameshika mpini na yule ameshika makali, tukimaanisha kwamba mmoja ana nguvu na mwenzake ataumia. Maneno haya yalizaliwa mikononi mwa watu waliokijua kisu kwa kukitumia. Basi twawaomba walimu wenzetu, hasa mlioko Busia, Tororo, Siaya na Busoga, muyaandike majina mnayoyasikia kwa wazee, muandike na kijiji na mwaka, kisha muyalete katika kurasa za jarida hili. Waliowahi kuona tanuri likiwaka karibu wote wamekwisha kututoka. Waliosikia habari zake kutoka kwa baba zao bado wapo, na kila mwaka wanapungua.